Bega jipya haliumi usiku, lakini mkono haufiki mgongoni

Mwanangu mshauri,

Nasoma safu yako siku nyingi, na leo zamu ya kuandika imenifikia. Nina miaka 69, mwalimu mstaafu. Miezi mitano iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kubadilisha bega la kulia, nikawekewa kiungo bandia.

Kabla ya hapo niliteseka miaka mitatu. Kano za bega zilikuwa zimechanika zamani, gegedu imesagika, mfupa umepanda juu. Nilikuwa nalala nimekaa kwenye kiti, maana nikijilaza tu bega linawaka. Nikitaka kuchana nywele, kitana hakikuja kichwani, kichwa ndicho kilichoinama kukifuata kitana. Daktari mpasuaji akanieleza kwamba kwa vile kano zimeisha, nitawekewa bega la kinyume. Nilitia sahihi bila kuuliza sana kinyume ni nini. Nilichotaka ni kulala.

Na kweli nalala. Hilo sitalikana. Nachana nywele mwenyewe, nafikia rafu ya pili ya kabati. Lakini mkono hauendi nyuma. Siwezi kufunga sidiria. Siwezi kusugua mgongo. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata daktari, kwa kuwa ni mwanamume na umri wake ni wa wanafunzi wangu: chooni kujisafisha kwa mkono wa kulia siwezi, na wa kushoto haujazoea. Nimekuwa mtu wa kukaa chooni muda mrefu nikijitahidi, natoka nimelowa jasho.

Kinachoniumiza zaidi ni mwenzangu niliyefundisha naye. Yeye alibadilishiwa bega mwaka jana. Tulipokutana akaupeleka mkono nyuma, akajigusa katikati ya mgongo, akasema, "Tazama, kama sijawahi kuumwa." Mimi wakati uleule nilikuwa nimevaa blauzi niliyofungwa na binti yangu. Binti sasa ameshika kwamba mimi niliharibiwa, anataka nirudi nikafunguliwe tena kirekebishwe. Tumefika mahali tunanuniana. Mtaalamu wa fiziotherapia yeye ananipima kwa kile kipimo chake cha pembe na kusema naendelea vizuri, kuinua mkono nimefika digrii 115. Digrii hizo hazinifungii kifungo.

Ninaendelea na mazoezi ya ule mpira wa kuvuta, hata nimeyaongeza ili mkono uwahi. Tangu wiki mbili zilizopita, nilipovuta sanduku kutoka juu ya kabati, kuna kauchungu kamenianza hapa juu kabisa ya bega, kwa nyuma kidogo, lakini nadhani ni misuli tu, na sijamwambia binti maana nitakuwa nimempa silaha.

Niambie ukweli. Upasuaji wangu umeshindwa? Nirudi nikafunguliwe?

Mama wa Mkono Mmoja

---

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako karibu yote ni ya mgongo, na sentensi moja tu ni ya juu ya bega. Naomba uniruhusu nianze na hiyo moja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niisome barua mara tatu.

Hako kauchungu unakokasema kanahitaji kuonwa na mpasuaji wako wiki hii, usingojee tarehe ya kliniki. Kuanzia leo acha mpira wa kuvuta, usiinue kitu kwa mkono huo, na kama bado unao ule mkanda wa kuning'inizia mkono, uvae tena mpaka uonwe.

Nikueleze kwa nini, na hapohapo nitakueleza hilo la kinyume ambalo hukuuliza siku ile. Bega la kuzaliwa nalo lina tufe na kikombe. Tufe ni kichwa cha mfupa wa mkono. Kikombe, tena kifupi kama kisahani, kiko kwenye kombe la mkono, ule mfupa mpana wa nyuma ya bega. Kinacholizuia tufe lisiteleze kupanda juu ni kano nne zinazolizunguka. Kano zikichanika zote, tufe hupanda, na hata ukiweka tufe jipya la chuma mahali pa lile la zamani, litapanda vilevile na mkono hautainuka. Wapasuaji walihangaika na tatizo hili miaka mingi. Aliyelipatia ufumbuzi uliodumu ni Mfaransa, Paul Grammont, mwaka 1985: aligeuza mpangilio. Tufe likawekwa kwenye kombe la mkono, kikombe kikawekwa juu ya mfupa wa mkono. Hapo ule msuli mkubwa unaolipa bega umbo lake la mviringo, deltoidi, unavutwa ukarefuka na kupata nguvu ya kuuinua mkono bila msaada wa zile kano. Ndiyo maana leo kitana kinakuja kichwani.

Lakini msuli huo umejishikiza mahali. Umeshika ukingo wa mfupa uliotandaa juu ya bega kama paa, ambao ni mwendelezo wa kombe la mkono lenyewe. Fikiria msumari wa ukutani ulioshika kamba ya kuanikia. Nguo zikiongezwa na kulowa, kamba inaweza isikatike, ila msumari ukaanza kulegea. Kwa wagonjwa wachache waliowekewa bega la kinyume, mfupa huo wa paa hupata ufa, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, na hasa kwa wanawake wenye mifupa iliyopungua uzito. Ufa huo hauhitaji kuanguka. Kuvuta sanduku kunatosha, na wakati mwingine hata hilo sanduku halipo, mazoezi yaliyozidishwa peke yake yanatosha.

Dalili yake ni kama uliyoiandika: maumivu mapya, juu ya bega au nyuma yake kidogo, kwa mtu aliyekuwa akiendelea vizuri. Jaribu hivi, taratibu: tembeza kidole cha mkono wa kushoto juu ya mfupa huo. Ukipata sehemu moja, upana wa ncha ya kidole, inayouma kuliko kwingine kote, mwambie daktari hivyohivyo. Mwambie pia kama mkono sasa unainuka chini ya ulivyoinuka mwezi uliopita. Na kama picha ya eksirei haitaonyesha kitu huku maumivu yakiendelea, uliza kwa adabu kama inafaa kupigwa sitiskani, ile picha ya mashine inayouonyesha mfupa tabaka kwa tabaka, kwa kuwa nyufa hizi za mwanzoni huweza kujificha kwenye eksirei ya kawaida.

Inaweza kuwa ni misuli tu, kama ulivyodhani, na nitafurahi sana ikiwa hivyo. Lakini ukiwa ufa, ukagunduliwa mapema, matibabu kwa wengi ni kuupumzisha mkono kwenye mkanda kwa wiki kadhaa, mara nyingi sita. Ukiachwa ukaendelea kuvutwa na mpira kila asubuhi, mfupa unaweza kutengana na kuinama, na zile digrii 115 zikapotea. Nakuomba usiifiche habari hii kwa ajili ya ugomvi wa nyumbani.

Sasa tuje mgongoni.

Mwenzako na wewe hamkufanyiwa upasuaji mmoja, ingawa nyote mnasema "nimebadilishiwa bega". Kwa ulivyomweleza, nadhani yeye aliwekewa lile la kawaida, linalofuata umbo la bega la kuzaliwa, tufe mahali pa tufe na kikombe mahali pa kikombe. Hilo huwekewa mtu ambaye gegedu imesagika lakini kano zake zingali nzima. Kano ndizo zinazomzungushia mkono kuupeleka nyuma. Wewe zako hazikuwapo hata kabla ya kisu. Angewekewa mtu kama wewe bega la mwenzako, pengine leo angeandika barua nyingine, ya mkono usioinuka kabisa.

Kupeleka mkono mgongoni ndiyo kazi ambayo bega la kinyume huifanya vibaya kuliko zote. Sipendi kulizungushia maneno jambo hili, kwa sababu ni mengi mno yanayosemwa kabla ya upasuaji kuhusu kuinua mkono, na machache kuhusu nyuma. Ili mkono ufike kiunoni kwa nyuma, unapaswa kuzungukia ndani, kurudi nyuma na kubana ubavu kwa pamoja. Msuli ulio mbele ya kombe la mkono, ambao ndio mkuu wa kazi hiyo, kwa wagonjwa wengi wa aina yako umedhoofika au umekatika, na umbo lenyewe la kiungo kipya hugongana na mfupa mkono unapovuka nyuma. Tena mkao huohuo ndio unaoweza kukichomoa kiungo mahali pake miezi ya mwanzo, na ndiyo sababu uliambiwa usijisukume kutoka kwenye kiti kwa mkono huo wala usiupeleke nyuma wiki zile za kwanza. Kwa hiyo usiulazimishe kwa kuuvuta na taulo kama nilivyoona wengine wakifanya wakiwa peke yao bafuni.

Je, utaongezeka? Kidogo, kwa baadhi. Sehemu kubwa ya maendeleo hupatikana ndani ya miezi sita ya kwanza, kisha mkono huendelea polepole mpaka mwaka unapotimia, na kwa wengine hata baada ya hapo. Wewe uko mwezi wa tano. Wapo wanaoanza kwa kugusa nyonga, wakafika mfuko wa nyuma, wakafika kiunoni. Wapo wanaobaki kwenye nyonga. Kufunga sidiria kwa nyuma ni mbali, na nisingependa uutumie mwaka mzima kulisubiri hilo.

Umeuliza kama upasuaji umeshindwa. Zipo hojaji ambazo wagonjwa wenyewe huzijaza, kwa sababu ilionekana kipimo cha pembe na picha ya eksirei havisemi yote. Moja inayotumika sana ilitoka Oxford, Uingereza. Ina maswali 12, kila moja lina alama 0 hadi 4, jumla 48. Ukiyasoma, hakuna hata moja linalouliza digrii. Yanauliza maumivu yalipokuwa makali kabisa yalikuwaje, unavaa nguo peke yako, unaweza kubeba sinia lenye chakula kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, unachana nywele kwa mkono ule, unatundika nguo kabatini, unajiosha makwapa yote mawili, na usiku maumivu yamekusumbua mara ngapi. Chukua kalamu, Mwalimu. Jijibu kwa namna ulivyokuwa kabla ya upasuaji, kisha ujijibu kwa ulivyokuwa mwezi mmoja uliopita, kabla ya sanduku. Wewe umesahihisha madaftari maisha yako yote, hesabu hii huihitaji kwangu.

Nikuongezee kwamba hojaji nyingine, iliyotungwa na wapasuaji wa bega na kiwiko wa Marekani, inauliza waziwazi kuhusu kuosha mgongo na kufunga sidiria kwa nyuma. Kwa hiyo malalamiko yako hayakutokana na ukosefu wa shukrani, wala si ya mtu anayedai makuu. Ni sehemu inayotambulika ya kupima bega. Alama zako zitapungua hapo, na ni haki zipungue.

Kurudi kufunguliwa ili mkono ufike mgongoni, jibu langu ni hapana, na nadhani mpasuaji wako atasema hivyo. Upasuaji wa marudio una hatari kubwa kuliko wa kwanza: makovu, mfupa uliokwisha kuchongwa, maambukizi, neva. Na matokeo yake kwa kawaida hayafikii ya mara ya kwanza. Hufanywa kwa sababu nzito: kiungo kimelegea, kimechomoka mara kwa mara, kimeingia maambukizi, au mfupa umevunjika. Utafiti wa England uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia upasuaji zaidi ya 58,000 wa kubadilisha bega, ulionyesha kwamba nafasi ya kurudiwa hutofautiana sana kwa umri na jinsia: kwa wanaume wa miaka 55 hadi 59 karibu mmoja kati ya wanne katika maisha yake yote, na kwa wanawake wa miaka 85 na zaidi karibu mmoja kati ya 37. Kwa ujumla, mabega bandia karibu 9 kati ya 10 hudumu miaka 10 na kuendelea. Hilo lako lina nafasi nzuri ya kukuhudumia muda mrefu ukilitunza. Usilitoe kafara kwa ajili ya kifungo.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia, nalitaja kwa sababu wagonjwa wengi hungojea homa ndipo waseme. Maambukizi ya bega bandia mara nyingi huja kimyakimya. Kuna bakteria anayeishi kwenye ngozi ya bega na kwapa, Cutibacterium acnes, anayekua polepole kiasi kwamba maabara hulazimika kukiacha kipimo mpaka wiki mbili kabla ya kusema hayupo. Anaweza asilete homa wala usaha, ila bega lililokuwa likilainika linaanza kukakamaa na kuuma bila sababu. Ukiona hivyo, au mshono ukianza kutoa majimaji au kuwa mwekundu, nenda siku hiyohiyo.

Kuhusu chooni, nakushukuru kwa kuniamini. Jambo hili ni la wengi na halisemwi. Nimewahi kumfundisha mzee mmoja aliyekuwa amepunguza kula ili asiende chooni mara nyingi, na hakuna aliyejua mpaka nguo zilipoanza kumpwaya. Mkono wa kushoto hufundishika. Anza nje ya choo: ukiwa umevaa nguo, umekaa ukingoni mwa kiti kigumu, inama mbele kidogo, egemea ubavu wa kulia ili upande wa kushoto unyanyuke, kisha peleka mkono wa kushoto ukiwa na kitambaa, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Baada ya wiki mbili au tatu mkono unakuwa umeijua njia. Wengine hupata nafuu kwa kupitisha mkono katikati ya miguu badala ya nyuma, lakini wanawake wanaotumia njia hiyo wafute kuelekea nyuma, wasirudishe mbele. Kipo pia kishikio chenye mkono mrefu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na maji ya kumimina kwa mkono wa kushoto hupunguza sana kazi ya kufuta. Mwulize mtaalamu wako wa fiziotherapia, na kama ungependa azungumze nawe mwanamke, omba. Hakuna atakayeona ajabu.

Sidiria nunua ya kufunga kwa mbele, au ifunge ya kawaida mbele ya tumbo kisha uizungushe. Ukivaa blauzi, mkono wa kulia uingie kwanza. Ukivua, utoke mwisho. Sifongo yenye mpini mrefu itaufikia mgongo wote kwa mkono wa kushoto.

Binti yako mchukue siku utakayokwenda kwa mpasuaji. Akakae humo ndani, aione picha, aulize mwenyewe kwa nini mkono hauendi nyuma. Najua unamwona kama mtu anayekutafutia kosa. Mimi ninavyosoma, ni mtu aliyekuona miaka mitatu ukilala kitini, akaweka matumaini yake yote kwenye upasuaji huu, na sasa kila asubuhi anafunga vifungo vya mama yake na kuogopa kwamba mambo yameharibika. Mwambie habari ya sanduku kabla hamjatoka nyumbani, ili asiisikie kwa mara ya kwanza mbele ya daktari. Atakasirika dakika tano.

Andika kwenye karatasi vitu vya kumwambia mpasuaji, usitegemee kichwa: tarehe ya sanduku, mahali panapouma, mazoezi uliyoyaongeza na kwa kiasi gani, dawa za maumivu unazotumia, na kama umewahi kuambiwa mifupa yako imepungua uzito. Hilo la mwisho lina dawa zake, na kama hujawahi kupimwa, omba.

Na usiku wa leo, lala chali ukiwa umeinuliwa mgongo kwa mito, uweke mto mwingine mdogo nyuma ya kiwiko cha kulia ili mkono usianguke nyuma ya mwili. Ukijitazama umelala, uweze kukiona kiwiko chako. Nisubirie habari ya picha hiyo, Mwalimu.